Uzi: Blade kwenye Baldur's Gate II ni mpiganaji kweli, au tumeuziwa mbuzi kwenye gunia?

#1 PauzaKwanza

Habari wakuu.

Nacheza Baldur's Gate II, ile Enhanced Edition, kwenye simu. Nimechagua Bard (tabaka la mwimbaji anayepiga pia uchawi), na katika aina zake nikamchukua Blade kwa sababu maelezo yake yananoga: mtumbuizaji anayezungusha mapanga jukwaani, watu wanapiga makofi, kumbe jamaa ni muuaji. Nimempa Strength 18, Dexterity 18, Constitution 16. Ana leveli ya 8. Nyota tatu za ujuzi nimeweka Two-Weapon Style (mtindo wa mapanga mawili), moja Long Sword. Mkono wa kulia ana long sword +1, kushoto short sword +1.

Shida ni kwamba hapigani. Nimeingia ngome ya de'Arnise kumsaidia Nalia, mazimwi watatu aina ya Troll wakajitokeza, nikawasha Offensive Spin (uwezo wa Blade wa kuzungusha mapanga kushambulia) nikazama katikati yao. Spin yenyewe ni sekunde 24, haikufika hata nusu jamaa kalala. Na huyu akifa hakuna wa kumfufua, gemu imeisha hapo hapo. Mwenzangu Minsc yuko pembeni anachapwa na Troll huyo huyo wala hana habari.

Madai yangu: Blade ni urembo. Bora uchukue Fighter, nyimbo ukasikilize redioni. Nipingeni kwa hoja.

#2 NgojaWaje

Natia nanga. Wataalamu wanakuja.

#3 KobeWaKinondoni

Mkuu, umeingia vitani uchi halafu unalaumu panga. Blade kabla hajazungusha chochote anajipaka kinga: Mirror Image, juu yake Stoneskin. Mirror Image inatoa vivuli vyako, adui anapiga kivuli. Akibahatisha kukupiga wewe, Stoneskin inameza pigo zima. Hapo ndipo unawasha Spin. Mpangilio ndio umekuua, tabaka halina kosa.

#4 Daftari

> KobeWaKinondoni ameandika: juu yake Stoneskin

Mkuu soma vizuri. Jamaa ana leveli ya 8. Stoneskin ni uchawi wa ngazi ya 4, na Bard anafungua ngazi ya 4 akifika leveli ya 10, yaani pointi 160,000 za uzoefu. Gemu hii inakuanzishia 89,000. Leveli ya 8 ana nafasi tatu za ngazi ya 1, tatu za ngazi ya 2 na moja tu ya ngazi ya 3. Basi. Mirror Image anayo, Stoneskin bado sana.

Tatizo lake liko kwenye hesabu. Bard anatumia jedwali la THAC0 (namba ya uwezo wa kulenga) la wezi, linashuka moja kila baada ya leveli mbili. Leveli ya 8 ana 17. Fighter mwenye pointi hizo hizo 89,000 yuko leveli ya 7 na THAC0 yake ni 14. Kumbukeni hapa namba ndogo ndiyo nzuri.

Sasa chukua adui mwenye AC 4 (namba ya kinga, nayo ndogo ndiyo nzuri). Mkono wa kulia: 17, toa 1 ya Strength, toa 2 ya Spin, toa 1 ya upanga, unabaki na 13. Ukitoa AC 4 unahitaji 9 kwenye dadu ya pande 20. Asilimia 60, si haba. Mkono wa kushoto ndiko balaa. Nyota tatu za mapanga mawili bado zinakuacha na adhabu ya 2 mkono huo. Halafu short sword hukuweka nyota hata moja, unakula adhabu nyingine ya 3. Unahitaji 14. Asilimia 35. Yaani pigo moja kati ya matatu ndilo linafika, na lenyewe ni la kisu kifupi.

#5 PauzaKwanza

Daftari ahsante kwa hesabu, ila nyota ni nne tu leveli ya 8. Nikiweka tatu kwenye mtindo inabaki moja ya silaha. Ningefanyaje?

#6 Daftari

Shika long sword mbili. Nyota moja inahudumia mikono yote.

#7 RamMojaTu

Hahahaa. Jibu la mstari mmoja baada ya hotuba ya bajeti.

#8 BintiAthkatla

Salaam wote. Naona mnabishana mikono wakati mwenye mikono hakutakiwa awe pale.

Bard ni mchawi anayepanda leveli haraka kuliko wachawi. Hilo ndilo la kulishika. Kwa pointi 1,500,000 Mage yuko leveli ya 14, Bard yuko ya 16. Kwa uchawi ambao nguvu yake inafuata leveli, Bard anampita Mage akiwa na pointi zile zile. Skull Trap, ngazi ya 3, inapiga dadu moja ya pande sita kwa kila leveli mpaka 20. Fireball inagota dadu 10, hata ukiwa nani. Kwa hiyo PauzaKwanza, ile nafasi yako moja ya ngazi ya 3 weka Skull Trap, irushe wakiwa mbali, ndipo mapanga yaje kumalizia waliobaki.

Ukimchezesha kama Fighter utakuwa Fighter mbovu milele.

#9 KobeWaKinondoni

Dada, na mwisho anafika ngazi ya 9 kabisa, uchawi wa kusimamisha muda, Time Stop, mkononi na mapanga mawili. Nani atamgusa?

#10 BintiAthkatla

Hapana kaka, Bard anaishia ngazi ya 6. Na hiyo ya 6 anaifungua leveli ya 16, pointi 1,320,000. Time Stop aisome kwenye skroli.

#11 PauzaKwanza

Hizo Mirror Image mnazozitaja, kitufe cha uchawi kwangu kimefifia, hakibonyezeki. Nilidhani ni simu.

#12 Daftari

Umevaa nini?

#13 PauzaKwanza

Chain mail, vazi la pete za chuma. AC 5 ile, nzuri tu.

#14 RamMojaTu

😂😂😂 Nimekaa paleee.

#15 Daftari

Bard anaruhusiwa kuvaa chain mail lakini akivaa hawezi kupiga uchawi. Mpaka upate elven chain, hiyo haizuii. Mkuu, vua.

#16 PauzaKwanza

Sivui. Nikivua napigwa zaidi. Nyie mnaniambia nivue chuma nivae kanzu nikapigane na mazimwi?

#17 MzeeCDNne

Wanangu, salaam. Nimesoma uzi wote, mna akili ila mna haraka.

Hii gemu nimeicheza toleo lenyewe la BioWare la mwaka 2000, ikija na CD nne. Ukitoka mtaa mmoja kwenda mwingine kompyuta inakudai CD nyingine, unachomoa unachomeka. Enhanced Edition ya Beamdog ilikuja 2013, mambo yamelainishwa lakini Blade ni yule yule.

Wote mmeongelea Offensive Spin. Hakuna aliyetaja Defensive Spin, na mimi nasema ndiyo iliyomtengeneza Blade. Inadumu sekunde 24 pia, raundi nne. Miguu inaganda, husogei hata hatua, lakini AC inashuka moja kwa kila leveli mpaka 10. Mtu wa leveli ya 8 anashusha 8.

Sasa tuangalie chain mail ya kijana. AC 5, Dexterity 18 inatoa 4, anabaki na 1. Akizungusha, -7. Nzuri. Avue, apige uchawi wa Ghost Armor wa ngazi ya 3: AC 2, toa 4, ni -2. Akizungusha, -10. Ana AC bora kuliko ya chuma na vivuli vya Mirror Image juu. Kanzu imeishinda chuma, hesabu zenyewe ndizo zinasema.

Na namna ya kumtumia ni hii. Pale de'Arnise tafuta mlango. Mwache Yoshimo, mwizi wa kundi, awachungulie Troll, wakimwona arudi mbio kupita mlangoni. Blade amesimama katikati ya kizingiti tayari ana Ghost Armor na Mirror Image. Yoshimo akishapita tu, piga pauza, bonyeza Defensive Spin. Zimwi la kwanza linafika, haliwezi kupita maana mlango umejaa mtu mmoja. La pili na la tatu yanasukumana nyuma yake, hayana pa kupigia. La mbele linarusha kucha, linakosa, linakosa tena, mara chache linapata na anayepatwa ni kivuli. Raundi hizo nne Minsc na Jaheira wanarusha mishale na mawe juu ya bega lako, Nalia anafanya yake. Blade naye si sanamu, miguu ndiyo imeganda, mikono bado inapiga. Zimwi likianguka usishangilie, Troll hafi bila moto au asidi, atainuka. Mmalizie na mshale wa moto au asidi hapo hapo alipolala.

Huyo ndiye Blade. Kizuizi mlangoni, siyo kichaa katikati ya ukumbi.

#18 KobeWaKinondoni

Shikamoo mzee. Hii nimeipiga picha.

#19 BintiAthkatla

Mzee shikamoo. Ila umemaliza nafasi yake pekee ya ngazi ya 3 kwa Ghost Armor. Skull Trap niiweke wapi?

#20 MzeeCDNne

Marahaba. Skull Trap apige Nalia, yeye ndiye mchawi wa kundi.

#21 BintiAthkatla

Nalia naye kwa mwanzo hana leveli ya maana. Na AC haizuii uchawi, mzee. Mlangoni hapo akija mchawi adui akamrushia kitu, miguu imeganda, anakimbilia wapi? Kwa Troll sawa, kwa mapambano ya uchawi ya mji wa Athkatla hiyo Defensive Spin ni kujifunga kamba mwenyewe.

#22 MseeWaNyali

Wasee, hapo BintiAthkatla amesema. Mimi nilijaribu hiyo ya mlango na genge la wachawi, wakanipiga Hold Person, uchawi wa kugandisha mtu. Nikasimama pale pale lakini sio kwa kupenda.

Kwangu mimi Blade si mbaya, shida ni silaha. Hiyo ngome ya de'Arnise iko na Flail of Ages ndani, rungu la minyororo! Vichwa vitatu vimetawanywa ngomeni, moto, asidi na barafu, unaviokota unaunganisha kwenye tanuru humo humo. Moto na asidi kwa silaha moja, Troll ataenda wapi? Na inamfanya adui awe mzito. Weka ile nyota moja Flail badala ya Long Sword na umemaliza hadithi.

#23 Daftari

> MseeWaNyali ameandika: Weka ile nyota moja Flail

Kwa ngome ile sawa. Kwa Blade kwa ujumla hapana, na sababu ni hii ambayo watu wengi hawaipigii hesabu. Offensive Spin inafanya kila pigo liwe na madhara ya juu kabisa. Kwa hiyo faida yake inategemea ukubwa wa dadu ya silaha. Kisu, dadu ya 4: wastani 2.5 unakuwa 4, umepata 1.5. Long sword, dadu ya 8: kutoka 4.5 hadi 8, umepata 3.5. Katana, dadu ya 10: kutoka 5.5 hadi 10, umepata 4.5. Sasa shika Celestial Fury, katana +3 iliyoko kwenye ile nyumba yenye walinzi mtaa wa mahekalu. Kila pigo ni 10 na 3 ya silaha na 2 ya Spin na 2 ya Strength, 17 bila kubahatisha, na inaweza kumduwaza adui. Mkono wa kushoto weka Belm, upanga uliopinda. Belm inaongeza shambulio moja kila raundi, na shambulio hilo analipata hata ukiishika kushoto.

Hapo THAC0 ya wezi haiumi tena, kwa sababu machache yanayofika yanaua.

#24 MseeWaNyali

Juu ya hapo uchawi wa kasi, Improved Haste. Mashambulio mara mbili. 🔥

#25 Daftari

Offensive Spin haikai pamoja na Improved Haste. Imeandikwa kwenye maelezo ya uwezo wenyewe, bonyeza jina usome. Unachagua moja. Na Improved Haste ni ngazi ya 6, tumeshasema leveli ya 16.

#26 MseeWaNyali

Sasa wewe kila kitu uko na karatasi.

#27 RamMojaTu

Jina lake ni Daftari, ulitaka awe na nini?

#28 KadiMpya

Wakuu bado mko 2000? Hamieni Baldur's Gate 3. Bard wa College of Swords ndiye Blade aliyefanyiwa haki. Leveli ya 3 anapata medium armour na anapiga uchawi akiwa nayo, hakuna habari za kuvua. Leveli ya 6 anapata Extra Attack kama wapiganaji. Ana Slashing Flourish: kwa upanga inapiga maadui wawili walio karibu, kwa upinde unaweza kumlenga mtu mmoja mara zote mbili. Inakula Bardic Inspiration (pointi za uwezo wa Bard), lakini kuanzia leveli ya 5 zinarudi ukipumzika kidogo, na Bard mwenyewe ana Song of Rest inayokupa mapumziko mafupi ya ziada. Yaani jamaa anarusha mishale miwili miwili siku nzima.

Tena kuna Phalar Aluve, upanga unaoimba, umechomekwa kwenye jiwe kule Underdark, chini ya ardhi. Bard na upanga unaoimba, mnataka nini tena?

#29 BandoLaUsiku

> KadiMpya ameandika: Hamieni Baldur's Gate 3

Gemu ina GB 150, mkuu. Utanitumia bando au utaniletea kwa flashi?

#30 RamMojaTu

Mimi RAM yangu mnaijua. Hiyo gemu mashine yangu ikiona picha yake tu inazima.

#31 KadiMpya

Povu la nini sasa, nimetoa ushauri tu. Na wenye mashine wajue: Bard 10 na Paladin 2. Charisma moja inaendesha uchawi wote, na nafasi za uchawi za Bard unazigeuza Divine Smite, pigo takatifu la Paladin. Mimi naona ndiyo dawa ya hoja nzima ya uzi huu. Bard peke yake hakuwahi kutosha kuwa mpiganaji, si zamani si sasa.

#32 MzeeCDNne

Kijana, kwenye hii yetu Bard hachanganywi na tabaka lolote. Hakuna multi wala dual. Ukimchukua umemchukua mzima mzima, binadamu au nusu-elf, basi. Ndiyo maana kumjenga kunahitaji akili, huwezi kukimbilia duka la jirani kukopa Smite.

Na kuhusu kutotosha: nendeni Baldur's Gate ya kwanza muone. Ile Enhanced Edition ukomo wake ni pointi 161,000. Bard anafunga na leveli ya 10, Stoneskin anayo. Mage anafunga leveli ya 9, Fighter ya 8. Kule Blade anatembea kifua mbele. Wanaomtukana wote walikutana naye gemu ya pili, mwanzoni, katikati ya jangwa lake.

#33 PauzaKwanza

Kwa hiyo mzee unakubali mwanzoni mwa BG2 ni jangwa?

#34 MzeeCDNne

Nimesema jangwa. Sijasema mbuzi.

#35 TaarabuNaChuma

Nimechelewa lakini nina langu. Mnamjenga Bard asiyeimba! Nani kawaloga? Chukueni Skald, aina nyingine ya Bard. Anapata +1 ya kupiga na ya madhara muda wote, na wimbo wake unawapa wenzake wote nyongeza ya kupiga, ya madhara na ya AC. Kundi la watu sita, watano wanapiga vizuri zaidi. Blade wimbo wake haupandi na leveli, Lore (ujuzi wa kutambua vitu) nusu, wizi wa mifukoni nusu. Amepoteza kila kinachomfanya awe Bard ili apate Spin mbili.

#36 KobeWaKinondoni

Skald akiimba hapigani lakini. Ukirusha pigo wimbo unakatika. Hiyo +1 yake ya kupiga anaitumia lini?

#37 TaarabuNaChuma

Anaitumia wakati amechoka kuimba 😅. Lakini jibu hoja: hesabu ya Daftari inasema Blade anapata asilimia 60. Wimbo unampandisha Minsc, unampandisha Jaheira, unampandisha mpaka Yoshimo. Jumla ya madhara ya kundi iko wapi?

#38 Daftari

Kwa kundi la watu sita wenye mashambulio mengi, Skald ana hoja. Kwa kundi la watatu au mtu pekee, Blade. Sijakaa nikapiga jumla, kila kundi lina jumla yake.

#39 NgojaWaje

Leo Daftari kakosa karatasi. Tarehe iandikwe.

#40 BintiAthkatla

Halafu TaarabuNaChuma, hoja ya wimbo inakufa ukifika Throne of Bhaal, nyongeza ya gemu hii. Kwenye pointi 3,000,000 kila Bard anaweza kuchukua Enhanced Bard Song, na Blade anaipata sawasawa na wengine. Ule udhaifu wa wimbo wake unafutika.

#41 MseeWaNyali

Na Use Any Item, uwezo wa kutumia kifaa cha tabaka lolote! Bard anaichukua pia. Unaenda unashika Carsomyr, ule upanga wa Paladin wa kwa joka Firkraag, asilimia 50 ya kukataa uchawi na kila pigo linafuta kinga za adui. Mtumbuizaji wa jukwaani ameshika upanga mtakatifu, Paladin analia pembeni.

#42 TaarabuNaChuma

Sasa mpaka umevaa vya kila mtu, umeshika upanga wa Paladin, huyo bado ni Blade? Carsomyr ni wa mikono miwili. Nyota tatu za mapanga mawili zimeenda wapi?

#43 MseeWaNyali

Zimeenda likizo.

#44 MgeniRasmi

Samahani wakuu, mimi sitaki kujenga wangu. Kuna Blade wa kumkuta njiani? Nimesikia yuko baa ya Copper Coronet.

#45 KobeWaKinondoni

Siyo Copper Coronet. Anaitwa Haer'Dalis, tiefling (mtu mwenye damu ya pepo). Anza baa ya Five Flagons, mtaa wa Bridge, chini kuna ukumbi wa maigizo. Ongea na Raelis, atakuambia mwenzao kashikwa na mchawi Mekrath huko kwenye mifereji ya maji machafu. Mkomboe. Anakuja na mapanga yake mawili, Chaos Blade na Entropy. Na wewe mwenyewe ukiwa Bard, ukumbi huo ndio unakuwa ngome yako, unasimamia igizo, unalipa wasanii. Ni kazi tamu kuliko kumiliki ngome ya mawe.

#46 Daftari

Constitution yake 9. Mpende lakini usimweke mbele.

#47 MgeniRasmi

Ahsanteni. Na Yoshimo nimwache nimchukue yeye? Maana nasikia Yoshimo baadaye

#48 RamMojaTu

WEWE! Ishia hapo hapo. Kuna watu ndio wanaanza.

#49 PauzaKwanza

Mrejesho wakuu. Chain mail nimevua, msinicheke. Nikajaribu la mzee na la dada kwa pamoja: Blade mlangoni na Mirror Image na Defensive Spin, na ile nafasi ya ngazi ya 3 nikaweka Skull Trap. Yoshimo akawaleta. Wa kwanza kakwama mlangoni kama mzee alivyosema, anarusha kucha zinapita hewani. Nikarusha Skull Trap. Troll wawili chini, nikawamalizia na mishale ya moto. Blade mzima.

Ila Nalia kafa. Na Jaheira yuko hoi.

#50 BintiAthkatla

Nalia kafa vipi kama Troll hawakupita mlangoni?

#51 PauzaKwanza

Skull Trap ilipasukia mlangoni.

#52 BintiAthkatla

Kaka, nilisema irushwe WAKIWA MBALI. #8, iko pale. Ile haichagui adui na ndugu.

#53 PauzaKwanza

Na mzee alisema Nalia akae nyuma yangu. Nimefuata maelekezo ya wote wawili.

#54 MzeeCDNne

Mimi nilisema Skull Trap apige Nalia mwenyewe. #20.

#55 TaarabuNaChuma

Skald angekuwa anaimba tu saa hizi na Nalia yuko hai.

#56 KobeWaKinondoni

Na Troll angekuwa anapiga makofi?

#57 PauzaKwanza

Narudi kwenye sevu ya kabla ya mlango. Ghost Armor safari hii. Daftari, hiyo nyumba yenye walinzi ya Celestial Fury mtu wa leveli ya 8 anaingia akatoka?

#58 Daftari

Kuingia, ndiyo.